Faida 70 kwenye daftari, benki 9: pesa imekwenda wapi?

mama_karakana ameandika:

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu.

Nina karakana ya samani za ofisi. Meza, makabati, na viti vichache ambavyo tunaviunganisha tu. Tunatengeneza kwa oda, tunapeleka, tunafunga, halafu tunasubiri kulipwa. Hapo kwenye kusubiri ndipo nilipo.

Mwaka huu mauzo yamepanda kwa nusu nzima. Nilidhani nitapumua. Kumbe wiki iliyopita nimelipa mishahara kwa ovadrafti (benki inaniacha nitoe zaidi ya nilichonacho, kwa riba), mwezi wa tatu mfululizo. Nikampigia afisa wa benki aniongezee kiwango, akaniambia uwiano wa mali zangu za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi ni 2.4, "mzuri sana mama, biashara yako ina afya." Nikamuuliza ni afya gani hiyo ya mtu asiyeweza kununua misumari. Akacheka. Mimi sikucheka.

Hesabu hizi hapa. Nimeandika kwa maelfu, sarafu kila mtu aweke ya kwake. Karibu mauzo yote ni ya mkopo. Tarakimu ya kwanza ni mwaka jana, ya pili mwaka huu.

Mauzo: 584 / 876
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 394 / 584
Wadaiwa: 80 / 168
Stoo (malighafi, kazi zinazoendelea, bidhaa zilizokamilika): 65 / 136
Fedha taslimu na benki: 20 / 9
Wauzaji wanaonidai: 38 / 56
Ovadrafti: 0 / 60
Kodi na vidogo vidogo: 14 / 14

Faida ya mwaka huu baada ya kodi, kabla ya kutoa uchakavu wa mashine, ni 70. Sijanunua mashine, sijajenga, sijachukua gawio. Hata gari ni lile lile lenye mlango wa kufunga kwa kamba. Sasa hiyo 70 iko wapi? Kuna mtu ananiibia? Niambieni ukweli, nimeshaanza kumwangalia mtunza stoo kwa jicho baya na si tabia yangu.

---

Daftari_Jekundu:

Dada, mwache mtunza stoo wa watu. Hakuna mwizi hapa, na nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe.

Jumlisha mali za muda mfupi za mwaka jana: 80 + 65 + 20 = 165. Toa madeni ya muda mfupi, 52. Mtaji wako wa uendeshaji ulikuwa 113. Mwaka huu: 313 toa 130, unapata 183. Tofauti ni 70. Ndiyo faida yako hiyo, yote, haikupungua hata senti. Ila haikukaa benki. Imekaa kwenye mbao, kwenye bawaba, na kwenye vitabu vya wateja wako.

Sasa achana na huo uwiano wa 2.4. Si kwamba ni wa uongo, ila hausemi kitu kuhusu muda. Mteja akichelewa kukulipa, deni lake linabaki kwenye mali zako na uwiano unapendeza. Mbao ikioza stoo bila kufutwa vitabuni, uwiano unapendeza pia. Benki wanaupenda kwa sababu unawaambia watapata nini ukifunga biashara leo na kila kitu kikauzika. Wewe hufungi leo. Wewe unataka kujua shilingi, dola, chochote kile, ikitoka mkononi inarudi baada ya siku ngapi.

Hiyo inapimwa hivi. Stoo gawanya kwa gharama ya bidhaa ya siku moja: 584 kwa siku 365 ni 1.6, kwa hiyo 136 ÷ 1.6 = siku 85. Wadaiwa gawanya kwa mauzo ya siku: 876 ÷ 365 = 2.4, kwa hiyo 168 ÷ 2.4 = siku 70. Wauzaji wako: 56 ÷ 1.6 = siku 35. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: siku 120. Ukinunua bodi leo, utailipia baada ya siku 35, halafu utakaa miezi minne ukimgharamia mteja kwa mfuko wako.

Mwaka jana zilikuwa 60, 50 na 35. Yaani siku 75.

Hapa ndipo utamu wa hesabu ulipo, usipite haraka. Watu watakuambia "umekua haraka mno, ndiyo maana umekauka." Tupime. Kama ungekua kwa nusu lakini siku zikabaki zile zile za mwaka jana, stoo ingekuwa 1.6 × 60 = 96, wadaiwa 2.4 × 50 = 120, wauzaji 56. Mbili za kwanza toa ya tatu: 160. Mwaka jana ilikuwa 107. Kukua kwako kulihitaji 53 tu, na faida yako ni 70. Kungejilipia kwenyewe na chenji ikabaki. Lakini ulipo sasa ni 248. Hiyo 88 ya ziada imeliwa na siku zilizorefuka: 40 stoo, 48 kwa wadaiwa.

Kwa hiyo swali lako lisiwe pesa imekwenda wapi. Siku 25 za stoo na siku 20 za wadaiwa zimetoka wapi? Usinijibu kwa kukisia. Nenda stoo na daftari, halafu shika ankara moja moja.

---

kapuku_mstaarabu:

Mimi naona mnajisumbua. Wachelewesheni wauzaji. Siku 35 peleka 70, umemaliza. Amazon wanapokea hela ya mteja kwanza, muuzaji wao analipwa baadaye. Ndiyo akili ya biashara kubwa.

---

StooKeepa:

@kapuku_mstaarabu, Amazon wakimchelewesha muuzaji, muuzaji ananyamaza kwa sababu hana pa kwenda. Nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo kilichojaribu ujanja huo. Miezi miwili tulikuwa wafalme. Mwezi wa tatu yule wa bodi akasema kuanzia leo fedha mkononi kabla gari halijapakia, na yule wa gundi akasikia akafanya hivyo hivyo. Siku 40 zikawa sifuri ndani ya wiki moja. Kama unataka siku zaidi, ziombe kabla ya tarehe ya kulipa. Ukiziomba baada ya tarehe hiyo unaitwa mkwepaji.

Mama karakana, ukihesabu stoo anza na vitu vidogo vya chuma. Bodi ni kubwa, ikilala unaiona. Bawaba hazionekani.

---

mama_karakana:

Nimerudi. Jumamosi nzima nimekaa stoo, nimetoka na vumbi hadi masikioni.

Vitabuni 136 imegawanyika hivi: bodi na mbao 31, vyuma vidogo 38, kazi zilizo mezani 24, bidhaa zilizokamilika 43.

@StooKeepa, umenijuaje? Ndani ya 38 kuna reli za droo za aina moja zenye thamani ya 22. Nilizinunua mwenyewe, nakumbuka hadi siku yenyewe, muuzaji alinipa punguzo la asilimia 8 nikichukua zote. Tunatumia kama 1 kwa mwezi. Nimezirundika nyuma ya mlango na nimekuwa nikizipita kila asubuhi.

Lakini hilo si lililonitoa jasho. Bidhaa zilizokamilika vitabuni ni 43. Nikaenda kuzihesabu. Zilizopo ni za 13. Wakuu, moyo ulipiga. Nikasema ndiyo huyu mwizi sasa, kapatikana. Nikamwita mtunza stoo, akafungua daftari lake la kutolea mzigo, akanionyesha kabati kwa kabati: hizi zimekwenda kwa fulani tarehe fulani, hizi kwa fulani. Zote zimeshafungwa kwenye ofisi za watu. Watu wanazikalia. Wanafungia mafaili yao humo.

Hazijatolewa vitabuni kwa sababu ankara hazijaandikwa. Ankara hazijaandikwa kwa sababu karani wangu hana hati za makabidhiano zilizosainiwa. Na hati ziko wapi? Tulifungua lile gari. Nyingine kwenye kijisanduku cha mbele, nyingine chini ya kiti, nyingine zina mafuta ya bawaba. Moja ya mzigo wa 11, nitaikumbuka hadi kaburini, ilikuwa imekunjwa mara nne na kuchomekwa mlangoni ili kioo kisigonge.

Nimechukua ankara 30 za mwisho nikalinganisha tarehe ya kufunga samani na tarehe ya ankara. Iliyowahi, siku 4. Iliyochelewa, 41. Wastani 19. Na mteja anaanza kuhesabu siku zake 30 akishapokea ankara.

Nimemwomba radhi mtunza stoo. Amesema hajui nilimkosea nini.

---

Daftari_Jekundu:

Siku 19 kwa 1.6 ni 30.4. Toa 13 kutoka 43, unabaki na 30. Hesabu imejifunga yenyewe, nimeipenda sana hii.

Ona jinsi kitu hiki kinavyojificha. Ukiangalia siku za wadaiwa, huzioni hizo 19, kwa sababu saa ya wadaiwa inaanza kugonga kwenye ankara. Ukiangalia siku za stoo unaona ni nyingi, unaanza kumlaumu mnunuzi na fundi. Kumbe tatizo ni karatasi kwenye mlango wa gari. Na mkaguzi akija atakuambia mzigo ukishakabidhiwa ni mauzo, utoe kwenye stoo kwa gharama na uingize kwa wadaiwa kwa bei ya kuuzia. Ukiwa sahihi vitabuni, hizo 30 zinakuwa kama 45 za wadaiwa ambao hata hujawadai.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na haikugharimu kitu. Fundi akishasainiwa apige picha ya hati palepale, aitume, ankara itoke siku hiyo hiyo. Karatasi yenyewe itafuata kwa mwendo wake.

---

mzee_wa_mizani:

Naomba niharibu sherehe kidogo kuhusu zile siku 70 za wadaiwa.

Ndugu yangu Daftari amegawanya kwa mauzo ya mwaka mzima. Kwa biashara inayopanda, wadaiwa wa mwisho wa mwaka ni wa miezi mikubwa, na wewe unawagawanya kwa wastani unaobeba miezi midogo ya mwanzo. Lazima waonekane wazito. Njia nyingine ni kurudi nyuma: chukua 168, toa mauzo ya mwezi wa mwisho, kisha wa kabla yake, hadi ziishe. Mama, mauzo ya miezi miwili ya mwisho yalikuwa ngapi?

---

mama_karakana:

Wa mwisho 96, uliotangulia 72.

---

mzee_wa_mizani:

96 na 72 ni 168 kamili. Miezi miwili, siku 61. Si 70. Tofauti ya siku 9 imetoka kwenye mgawanyo tu.

Ila hata 61 ni wastani, na wastani hauna nyumba ya kwenda kugonga hodi. Panga wadaiwa kwa umri wa ankara, kila mmoja na jina lake, halafu uturudishie.

---

mama_karakana:

Nimepanga. Siku 0 hadi 30: 61. Siku 31 hadi 60: 38. Siku 61 hadi 90: 17. Zaidi ya 90: 52.

Ile 52 ni mteja mmoja, ankara moja. Tuliwafungia sakafu nzima. Makabati matatu milango yake haikai sawa, kosa letu, bawaba zilichimbiwa vibaya. Thamani ya hayo matatu haifiki 4. Mhasibu wao anasema ankara ina mgogoro, mfumo wao haumruhusu kulipa nusu ya ankara. Fundi wangu anasema ataenda "wiki hii." Amekuwa akisema wiki hii tangu ankara ikiwa na siku 20.

---

mzee_wa_mizani:

Toa hiyo 52. Zinabaki 116, gawanya kwa 2.4, siku 48. Mwaka jana zilikuwa 50. Wateja wako hawajabadilika hata kidogo, mama. Una milango mitatu inayokuzuilia 52, na ovadrafti yako ni 60.

Kesho usimtume fundi kwanza. Tuma hati ya kupunguza deni kwa yale makabati matatu, ankara ibaki ya samani wasizozigombania, mhasibu wao apate kitu safi cha kulipa. Milango ikisharekebishwa, hayo matatu uyaandikie ankara yake. Fundi aende keshokutwa.

---

kapuku_mstaarabu:

Sawa, la Amazon nimelifuta. Je, akiwapa wateja punguzo la asilimia 2 wakilipa ndani ya siku 10?

---

Daftari_Jekundu:

Inategemea walikuwa walipe lini. Mteja wa siku 30 ukimpa asilimia 2 alipe siku ya 10, umenunua siku 20 kwa 2 juu ya kila 98. Kwa mwaka ni kama asilimia 37. Ovadrafti nyingi za benki hazikufikishi huko. Mteja wa siku 70 akija siku ya 10, umenunua siku 60, inashuka hadi kama asilimia 12, hapo unaweza kufikiria. Shida ni kwamba wanaolikimbilia punguzo ni wale wale waliokuwa wanalipa mapema. Wa siku 70 atakulipa siku ya 70 na bado atakata ile asilimia 2, umtazame.

Kwake yeye ningeanza na malipo ya awali. Anatengeneza kwa oda, kabati la vipimo vya ofisi ya mtu halina mnunuzi mwingine. Asilimia 30 mkononi kabla bodi haijakatwa si dhambi. Na tahadhari: malipo ya awali yanaingia upande wa madeni, kwa hiyo uwiano wa yule afisa wa benki utashuka huku wewe ukianza kulala usingizi. Usishtuke.

---

StooKeepa:

Na zile reli? Tuseme ovadrafti ni asilimia 18 kwa mwaka. Mzigo wa 22 unaoisha kwa miezi 22, kwa wastani umekaa na 11 muda wote huo. Riba yake ni kama 3.6. Punguzo la asilimia 8 lilikuokolea 1.9. Ulilipa karibu mara mbili ya ulichookoa, bila kuhesabu nafasi nyuma ya mlango. Tangu Ford W. Harris aandike fomula yake ya kiasi cha kuagiza mwaka 1913 watu wanajua kwamba kuagiza kuna gharama yake na kuweka kuna gharama yake, lakini muuzaji akitamka "punguzo" sote tunasahau ya pili. Mimi mwenyewe nimeshawahi kununua gundi ya miaka mitatu.

Muulize kama anapokea nusu yake kwa kukatana na deni lako. Maboksi ambayo hayajafunguliwa mara nyingi wanakubali.

---

mama_karakana:

Wiki tisa zimepita, narudisha majibu kama nilivyoahidi kwenye ujumbe binafsi.

Ile 52: niliondoa makabati matatu, 48 ikaingia siku ya 11. Fundi alikwenda, milango inafunga, ile 4 inakuja. Reli: muuzaji amepokea za 9, amekata kwenye deni, hakufurahi lakini amepokea. Malipo ya awali nimejaribu kwa oda tano mpya, watatu wamekubali asilimia 30, mmoja 20, mmoja amekataa na nimemfanyia hivyo hivyo kwa sababu hulipa siku ya 25 tangu nimjue. Picha za hati zinakuja, ankara inatoka kwa wastani wa siku 3. Ovadrafti imeshuka hadi 14, na mishahara ya mwezi huu imetoka kwenye hela yangu.

Swali jipya: wateja wawili wanasema ankara yenye picha ya hati hawaipokei, wanataka karatasi halisi yenye saini ya wino, na siku zao 30 wanazihesabu kuanzia hapo. Mnafanyaje?

---

StooKeepa:

Kwa hao wawili fundi asitoke na hati moja tu. Andaa nakala mbili, zisainiwe zote. Moja aikabidhi pamoja na ankara palepale mapokezi, agongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nyingine arudi nayo. Ankara uiandike asubuhi kabla gari halijaondoka. Na kile kioo cha gari kitafutie kipande cha mpira.